Saba, Si Tano

Kadi hii ni mdogo wangu kwa miaka miwili.
Ndefu kama rula ya shule,
na meno yake ya dhahabu yamefifia kwa chumvi:
chumvi ya Mombasa haikai baharini,
hupanda ngazi mpaka ghorofa ya pili, Barabara ya Digo,
ikaingia ndani ya kasha la kompyuta bila hodi.

Bwana Msellem ameileta kwa tuktuk,
ameipakata kama mtoto mwenye homa.
Miaka thelathini alipokea simu Kilindini,
kipofu, na bandari nzima ikapita masikioni mwake.
“Imenyamaza tangu Jumanne,” asema.
“Na ikinyamaza hii, ndipo ninapokuwa kipofu.”

Nasugua meno kwa kifutio cha penseli.
Narudisha kadi. Nawasha.

Kimya.

Naweka draiva ya mwaka tisini na saba: inakataa.
Ya tisini na nane inakubali, kisha inajuta,
skrini yote inageuka buluu.
Diski ya tatu ina ukungu
kama mkate wa mofa uliosahauliwa kabatini.
Napekua boksi la viatu
lililojaa draiva za kadi zisizo na wa kuzililia.

“Mzee, nunua mpya. Siku hizi sauti
ni kijidude cha ukubwa wa kidole gumba.
Wachomeka, chasema.”

“Chasema kwa sauti ya nani?”

Sikuwa na jibu. Nikashika bisibisi.

Akanieleza huku nafungua skrubu:
humu ndani mna bwana mmoja, mgeni,
asiyejua Kiswahili hata cha kuombea maji,
aliyemsomea barua zake miaka ishirini.
Akifika kwenye ng'ombe hukabwa na mfupa.
Bondeni huiita Bondenai.
“Mke wangu akicheka mpaka ashike ukuta.
Mimi nishamzoea.
Mtu habadilishi msomaji wake uzeeni.”

Kila kifaa ndani ya kasha kina namba yake
ya kubishia hodi.
Wawili wakibisha kwa namba moja
mwenye nyumba hamfungulii yeyote.
Haya nimeyasoma, nina cheti chake ukutani.
Nautazama mstari, na alama ya njano ya onyo,
kwa macho mawili mazima,
wala sioni kitu.

Yeye yuko kwenye kigoda, kiganja juu ya kasha.

“Umeeka ngapi?”
“Tano.”
“Tano alipewa yule wa mtandao,
mpwa wangu alipokuja na kadi yake. Wagombana hao.
Eka saba.”
“Saba ni ya printa.”
“Printa amekufa, mwanangu, nishamzika.
Chumba ki wazi.”

Kwa kibano changu cha nyusi
nikachomoa kipini, kidogo kama punje ya mtama,
nikakihamisha nafasi moja.
Nikaandika saba palipokuwa na tano.
Nikawasha, nikajifanya sina haja ya kusikiliza.

Kwanza mchakacho,
mafuta ya viazi karai yanapoanza kupata moto.
Kisha kikohozi.
Kisha yule bwana,
mkavu, mgeni, asiyejua kwamba alikuwa hayupo,
akaendelea pale pale alipokatizwa Jumanne,
katikati ya barua ya malalamiko kwa mwenye nyumba:

na bomba la uani mpaka leo lainavudja

Bwana Msellem akainua kidole ninyamaze,
nami sikuwa nimesema neno.

“Linavuja,” akamsahihisha, taratibu,
kwa namna ya mtu aliyelisema jana, na juzi,
na atakayelisema kesho.

Hakunilipa siku hiyo. Alisahau.
Tulikuwa tumeshaanza kusikiliza habari za bomba.